Shali Niliyoipika kwa Manjano

Nyinyi chekeni tu, nimeshazoea. Mimi ndiye yule msichana aliyepewa kazi nyepesi ya kuwanawisha wageni mikono, kazi ambayo hata mtoto wa nasari anaiweza, nikaifanya mpaka watu wa heshima huko Lavington wakaamini mama mwenye nyumba anavuja damu. Na huyo mama mwenye nyumba ndiye niliyekuwa nikiomba awe mama mkwe wangu. Hongera kwangu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, simu yangu ni ile ya tochi, nami ni karani katika duka la kuchapisha kadi za harusi River Road (ndiyo, harusi za watu wengine). Ndung'u, mpenzi wangu, akaniambia Jumapili atanipeleka kwa wazazi, na akaongeza kwa ule upole wake wa kumkosesha mtu usingizi: "Mama haongei sana. Yeye huangalia tu." Sasa mtu wa kuangalia tu utamwendea mikono mitupu? Nikaamua kumfumia shali ya kroshia. Uzi mweupe nilikuwa nao nyumbani, na uzi wa njano ulikuwa umepangwa dirishani kwenye duka lililotazamana na letu, ukinisubiri mimi. Mtu mwenye akili zake angevuka barabara akaununua. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia mama fulani kwenye redio akisema uzi ukitiwa rangi ya vitu vya jikoni hupata upekee, na mimi, kama mnavyonijua, napenda upekee kuliko usingizi.

Basi jioni nikabisha kwa jirani yangu kwenye ploti tulikopanga vyumba kule Kangemi, Bi Mwanaisha, mama wa Mombasa aliyeuza viungo vya pilau, nikamwomba manjano, ule unga wa kutia kwenye mchuzi. Akanipimia kijiko, nikamwambia aongeze, akaongeza, nikamwambia aongeze tena. Akanitazama juu ya miwani. "Wapikia watu wangapi, mwanangu?" Nikamjibu ni siri, akacheka akanijazia mfuko. Nikachukua sufuria yangu ya ugali (sikuwa na nyingine), nikatia maji, manjano na uzi, nikakoroga kwa mwiko, na wallahi rangi ikatoka njano ya kupendeza, hata mimi mwenyewe nikajipigia makofi. Yule mama wa redio alikuwa amesema uzi ukishaiva uufue kwa sabuni, uone kama rangi itakaa. Lakini mfereji wa ploti ulikuwa umekauka, maji yaliyobaki ni ya kunywa, kwa hiyo nikausuuza mara moja, nikauanika, nikasema sabuni ni ya watu wasiojiamini. Wiki nzima nikala ugali wa njano huku nikifuma.

Jumapili ikafika. Pale mlangoni kwao nikafungua mkoba, nikamkabidhi Mama Ndung'u mfuko wenye shali; akaufungua taratibu, akaishika shali, akaisogeza karibu na uso. Kisha akajitanda juu ya blauzi yake ya rangi ya maziwa na kuniuliza, "Uzi mzuri. Umeupata wapi?" Hapo ningesema ukweli, na leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Ulimi wangu ukaniponyoka: "Umetoka ng'ambo, Mama." Ndung'u akanigeukia, maana huko ng'ambo kwenyewe simjui hata mbwa.

Tukakaa. Dada ya baba yake Ndung'u, Shangazi Wairimu, mwanamke aliyekuja rasmi kunikagua, akaanza kunusa hewa. "Leo mmepika kari?" Akaambiwa ni mukimo na nyama ya kuchoma. "Basi naskia kari mimi." Nikatazama dari, dari nzuri sana ile.

Chakula kilipoiva, watu wakainuka waende kunawa kwenye sinki, Shangazi akawarudisha. "Hapana! Hapa si hoteli. Huyu msichana atunawishe, tuone anavyoshika birika." Nikapewa birika la maji ya uvuguvugu, beseni na kipande cha sabuni. Nikaanza na Mzee, baba yake Ndung'u, vizuri. Nikaja kwa Shangazi, vizuri sana, hata akaguna kwa kuridhika. Nikafika kwa Mama. Akajipaka sabuni, akainama kwenye beseni, na ncha ya shali ikateleza begani ikatumbukia kwenye povu.

Ikawa nyekundu. Si nyekundu ya haya, nyekundu ya buchani, na ikaanza kupanda juu.

"Ngai!" Shangazi akapiga kelele. "Mama Ndung'u, unatoka damu!"

Mzee akasimama akitafuta funguo za gari. Ndung'u akamshika mama yake mkono, akitafuta alipojikata. Na mimi, msaidizi wa watu, nikafanya nini? Nikaichukua sabuni nikasugua. Kadiri nilivyosugua ndivyo wekundu ulivyosambaa, ukahamia kwenye blauzi, maana shali ilikuwa imeshachujia njano bega lote, na sasa likawa la mtu aliyepigwa panga. "Wambui, wacha! Wacha bwana!" Ndung'u ananiambia, nami nasugua tu huku machozi yananitoka.

"Kaeni chini," Mama akasema, wala hakuinua sauti. Akaishika ile ncha akainusa. "Hii si damu. Ni manjano imekutana na sabuni." Akanigeukia. "Mimi nilisuka vyondo, vile vikapu vya nyuzi, mpaka nikaolewa. Nyuzi tulizitia rangi wenyewe, kwa mizizi na magome, na kila rangi tuliijaribu kwa sabuni kabla mtu hajaiona. Nilijua tangu ulipofungua mkoba wako pale mlangoni. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nilisikia aibu mpaka kwenye vidole vya miguu, na nikajua kama nitampoteza Ndung'u, nitampoteza kwa ule uongo, si kwa hilo doa.

"Si ya ng'ambo, Mama," nikasema. "Niliichemsha Kangemi. Kwa sufuria ya ugali."

"Ya ugali?"

"Ndiyo, Mama."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, akakaa chini na funguo zake. Shangazi akauliza doa litatolewaje, Mama akasema limau lingelirudisha njano mara moja, lakini asiletewe limau. Kisha akaninyooshea mikono yenye povu. "Mwaga maji, msichana. Chakula kinapoa."

Nimeapa: rangi nitanunua dukani, na sufuria yangu itapika ugali mweupe mpaka nizeeke. Lakini yapo mambo ambayo kiapo hakiyafuti. Siku ya harusi yetu Mama alikuja na shali ileile mabegani, doa lake jekundu mbele kabisa, na kila aliyemuuliza ameipata wapi alimjibu kwa sauti, huku akiniangalia mimi: "Imetoka ng'ambo."