Siku Niliacha Papa Mukwe na Kiboko

Afadhali niwaeleze mwenyewe, maana huku Kilibula kila anayeisimulia ananiongezea aibu, na ile ya kweli peke yake inanitosha.

Minye, yaani mimi, ni mutu wa Kiringye, mulimaji, na mbele ya ile siku sikuwa nimeshika kafi ya mtumbwi hata mara moja. Sasa baba yake Zawadi, mchumba wangu (mzee ni mvuvi wa Makobola), akatualika kwenye kakisiwa kamoja kule Ruzizi inapoingia ziwani, tuangalie viboko na ndege. Akaniita muko, yaani mkwe, akaniuliza, “Muko wangu, kafi unajua?” Nikajibu, “Sana, Papa!” Ningesema hapana, nani angenikata kichwa?

Kwenda, alipiga kafi mwenyewe. Mungu alinificha. Kufika, yeye na Zawadi wakashuka, wakakaa kwenye majani kuangalia yangeyange, na minye, Papa akanipa kamba: “Weye uliyezoea, linda mtumbwi.” Nikasimama kifua mbele kama komanda.

Mara maji ya pembeni yakatibuka, kiboko akatoa kichwa, akafungua kinywa (naapa niliona mpaka tumboni), na miguu yangu haikuniomba ruhusa: nilijikuta ndani ya mtumbwi, nimeshasukuma, kafi naipiga upande mmoja tu, mtumbwi unazunguka palepale, upepo unanivuta ziwani, na minye nalia “Yesu! Mama!” bila kujua namwita nani.

Nikasikia sauti ya mzee kisiwani: “Muko! Na sisi je?”

Wavuvi wawili waliokuwa wanapita ndio walinifunga kamba, wakanirudisha kama mbuzi wa soko. Kumbe kiboko alishapiga mwayo wake na kwenda zake, Papa na Zawadi wamekaa wanakula mihogo ya kuchemsha. Zawadi akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

“Umerudi? Tulizani ulienda kutuletea sukre ya baridi tunywe.”

Wavuvi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Papa hakucheka. Alipiga kafi njia yote bila kuniangalia, na hiyo ilinichoma, maana wazee wetu walikuwa wanajitayarisha kwenda kumuomba binti yake. Nikajua bibi nimekosa.

Tulipofika ng’ambo akasema, “Kuogopa kiboko si kosa. Kesho asubuhi kuja Makobola, nikufundishe kafi.”

Nilienda, mikono ikatoka malengelenge, na leo Zawadi ni mama wa watoto wangu. Lakini mutu akiniuliza kama najua kitu, hata kama ni kumenya muhogo, minye nasema kwanza: “Kidogo tu, mzee. Nionyeshe.”