Chai Haikuwa Kwenye Daftari

Mara ya kwanza tulipokwenda Kiplombe kumposea mdogo wangu, niliinuka mara tatu. Nilikuwa msemaji wa upande wetu, na msemaji ndiye mtu asiyepaswa kuinuka. Wenyeji waliponiuliza ukoo wetu ulitoka wapi huko magharibi, nilijibu vizuri. Walipogusia mahari, niliomba radhi nikaenda chooni, nyuma ya zizi. Walipouliza kwa nini mdogo wangu amefika miaka arobaini na mitatu bila mke, nikaenda tena. Mara ya tatu sikungoja swali limalizike.

Mjomba wa mchumba, mzee mkavu aliyevaa koti zito, aliona yote. "Huyu akibanwa na swali anatoka kupiga simu," aliwaambia wenzake, nami niko mlangoni narudi. "Kuna kitu wanaficha. Warudi baada ya mwezi, wakiwa na msemaji anayeweza kukaa."

Tulirudi mjini. Hapo mdogo wangu akasema, "Ndugu yangu, miaka yote hii watu wananiuliza nangoja nini. Kumbe nilikuwa nangoja tumbo lako."

Kufikia wakati huo nilikuwa nimetibiwa amiba mara mbili na taifodi mara moja, maana hapa Eldoret tumbo likiuma ni moja kati ya hayo mpaka lithibitike kuwa lingine. Wiki ile nilienda kwa daktari mwingine. Alipima, akapima tena, akasema hakuna mdudu wala kidonda: utumbo wangu ni mzima, ila una hasira. Dawa ya kuumaliza ugonjwa wenyewe hakuwa nayo. Alisema niandike kila ninachokula na jinsi ninavyojisikia, kisha niondoe chakula kimoja baada ya kingine mpaka nijue kinachouchokoza.

Hakujua anamwambia nani. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Mikononi mwangu msumari hautoki bila kuandikwa. Nilinunua daftari nene, nikapiga mistari: saa, chakula, kiasi, matokeo. Safu ya matokeo niliifunika kwa kiganja kila mke wangu alipopita.

Maharagwe yalitoka kwanza, na ushahidi dhidi yao ulikuwa mzito. Kabichi ikafuata. Kisha kitunguu, na hapo jikoni kwetu, mtaa wa Huruma, kukawa na msiba.

"Bila kitunguu nitakaanga na nini, Mzee?" mke wangu aliuliza. "Matumaini?"

Hata hivyo alipika mboga ya sukuma kwa mafuta na chumvi tu, akala nami, akitafuna taratibu kama anayesoma barua mbaya. Nilipata nafuu, lakini si ya kutosha. Kila siku, baada ya saa nne asubuhi na tena baada ya saa kumi jioni, tumbo lilinguruma. Nilishuku ugali. Nilishuku maji ya mfereji. Nilikuwa nimeshatenga ukurasa wa kuushtaki mchele.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki wiki mbili turudi Kiplombe, mke wangu alilichukua daftari, akalisoma lote bila kucheka, kisha akauliza, "Chai iko wapi?"

"Chai gani?"

"Hiyo umeshika."

Nilitazama kikombe. Kwetu chai huchemshwa nusu maji, nusu maziwa, na mimi nilikunywa vikombe sita kwa siku, viwili vikubwa zaidi vikiwa vya kazini, saa nne na saa kumi. "Chai si chakula," nilisema, na nilimaanisha. Mtu anaweza kushinda na chai mpaka jioni, na ukimuuliza atakuapia kwamba hajatia kitu mdomoni.

"Hayo uliambie tumbo," alisema.

Niliacha maziwa. Siku ya nne, saa kumi ilipita na mimi sikuitambua mpaka saa kumi na moja.

Ikabaki Kiplombe. Kwa wale watu msemaji hafungui mdomo kuzungumza kabla hajaufungua kunywa, na mama wa mchumba ana ng'ombe watano wa maziwa. Alipoinamisha thamosi juu ya kikombe changu, nilikifunika kwa mkono. Mjomba alimtazama mdogo wangu, naye akatazama viatu vyake.

"Mama, naomba ya rangi," nilisema.

"Turungi? Kwa mkwe?" Aliirudisha thamosi mezani. "Majirani watasema ng'ombe wangu wamekauka!"

Nikawaambia kila kitu: daktari, daftari, kitunguu, na safari zangu tatu za nyuma ya zizi.

"Kwa hivyo hukuwa unapiga simu?" mjomba aliuliza.

"Mzee, simu ilikuwa mezani wakati wote."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akajifuta macho kwa leso. Lakini mjomba alishikilia desturi: kikombe cha nyumba hii lazima kinywewe, la sivyo hakuna mazungumzo. Mama alikijaza chai ya maziwa, akakiweka mbele yangu. Nilikuwa ninanyoosha mkono, nikikadiria dakika nitakazopata, mdogo wangu alipokichukua.

"Kama yeye anaweza kunisemea," alisema, "mimi naweza kumnywea."

Alikimaliza kwa pumzi moja. Mjomba alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuona, ila haoni kosa lake. Mama akaniletea chai ya rangi yenye tangawizi, na viazi vilivyochemshwa na chumvi. Tulizungumza tangu saa sita mpaka jua likafika dirisha la magharibi. Mjomba, ambaye alikuwa amekunywa vikombe vinne, aliinuka mara mbili. Nilihesabu.

Nyumbani niliandika: chai ya rangi, vikombe viwili, viazi vitatu. Kwenye matokeo nikaandika: sikuinuka. Mke wangu aliichukua kalamu, akaongeza chini yake: wamekubali.