Nyeupe Kumi na Moja za Mzee Tone

Mafundi wote wanaonunua rangi katika hadiwea anakofanya kazi humwita Mzee Tone, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mpe ndoo ya rangi nyeupe umwambie unataka ifanane na maziwa, atainama juu yake na chupa ya rangi kali mkononi, adondoshe tone moja, akoroge, apake kidogo kwenye kipande cha mbao, asubiri kikauke, akitazame kwa jicho moja huku lingine amelifumba, ndipo afikirie tone la pili. Ukimharakisha atakwambia, "Tone ukishalitia halitoki, kijana," hata kama una mvi kumzidi. Duka lina mashine ya kuchanganya rangi, imeletwa miaka minne iliyopita. Kila asubuhi Mzee Tone huipangusa vumbi kwa heshima zote, kisha huendelea na chupa zake.

Mtu makini namna hiyo ungedhani atakuwa makini na maneno pia. Wapi! Kwa Kiingereza alikuwa na neno moja tu la kusifia, nalo ni "good". Kuelewa alielewa, maana makopo ya rangi yalikuwa yamemsomesha kwa miaka ishirini na sita. Lakini mdomoni hakuwa na kitu zaidi ya hiyo "good" na maagizo ya kwenye makopo: koroga vizuri kabla ya kutumia, weka mbali na watoto. Ni maneno mazuri kwa kazi, ila hayamfai mtu anayetaka kuongea na mjukuu.

Na mjukuu alikuwa mmoja tu, wa kike, miaka saba, amezaliwa ng'ambo ambako binti ya Mzee Tone alihamia alipoolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu kwa vidole. Kila Jumamosi saa saba mchana, duka likiwa limetulia, simu ililia na uso wa mtoto ukajaa kwenye kioo. Alisema jino limetoka. "Good," akajibu babu. Alisema amechora nyumba. "Good." Alisema paka wao amepotea. "Good," akasema babu kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka.

Jumamosi iliyofuata uso uliotokea ulikuwa wa binti yake.

"Shikamoo, Baba. Leo amesema hataki kuongea."

"Marahaba. Anaumwa?"

"Haumwi. Usikasirike, Baba. Anasema hata akwambie nini, jibu ni lile lile. Anadhani humsikilizi."

Mzee Tone akacheka kidogo, akasema watoto ndivyo walivyo, akaaga. Kisha akaingia stoo akasimama katikati ya ndoo, hana anachotafuta. Ilimuuma sana. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, redio, na viti vinne ambavyo kimoja tu ndicho kilichokaliwa. Saa saba ya Jumamosi ndiyo aliyoisubiri wiki nzima. Kumkosa yule mtoto kwa sababu ya neno moja aliona ni uzembe ambao hata yeye asingejisamehe.

Wiki ile ile Mwalimu akarudi dukani. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza mstaafu, mama mwenye miwani na msimamo, na rangi ya sebule yake alikuwa ameshairudisha mara tatu. Wauzaji wengine walipomwona mlangoni walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyuma ya mifuko ya saruji.

"Fundi, mimi nataka nyeupe," akasema. "Nyeupe ni nyeupe, jamani! Hii uliyonipa, nikikaa sebuleni najiona nimelazwa wodini."

Mzee Tone hakubishana. Alipanga mezani vipande vya mbao kumi na kimoja. "Zote hizi ni nyeupe, Mwalimu. Hii ya karatasi. Hii ya pamba. Hii ya ganda la yai, hii ya mfupa. Sebule yako inapata jua la asubuhi au la jioni?"

Mwalimu akavua miwani, akavaa tena, akachagua ya ganda la yai, na kwa mara ya kwanza akatabasamu mle dukani. Mzee Tone akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akamweleza habari za mjukuu, bila kuficha hata ile ya paka.

"Maneno ya kusifia unayo mangapi?"

"Good."

"Na jingine?"

"Very good."

Mwalimu akaangalia zile mbao, akamwangalia yeye. "Wewe mtu una mambo! Una nyeupe kumi na moja mezani, halafu mtoto wa watu unampakaza good kila siku?"

Akachukua kadi ya rangi, ile yenye vyumba vitano vya buluu kutoka hafifu hadi iliyokolea, akaandika neno kwenye kila chumba: "fine", "nice", "lovely", "wonderful", na mwisho kabisa "magnificent". Akamwambia ni ndugu wa tumbo moja, lakini hawalingani nguvu. Akaandika kadi nyingine ya ukubwa, nyingine ya uchovu, na ya nne ya huzuni.

"Hiyo ya huzuni ya nini, Mwalimu? Mimi naongea na mtoto."

"Chukua tu, haikuombi chakula."

Mzee Tone akaitupia chini ya droo. Zile tatu alizibandika mbele ya meza yake akasoma wiki nzima, na wateja wakakoma. Fundi mmoja aliyekuja kuchukua brashi aliambiwa brashi yake ni "enormous", yaani kubwa kupindukia, akaomba abadilishiwe.

Jumamosi alimbembeleza binti yake amwitie mtoto kwa dakika mbili tu. Mtoto akaja, amenuna. Na hapo huyu mtu wa tone moja moja, jamani, akamwaga chupa nzima. Mchoro ulikuwa "magnificent". Jino jipya, "magnificent". Mtoto akainua mguu mbele ya simu. Soksi nazo, "magnificent".

"Hata soksi, Babu?" mtoto akauliza kwa Kiingereza chake, akaenda zake kucheza.

Mwalimu aliposimuliwa alicheka hadi akashika meza. Mzee Tone hakucheka. Ingekuwa ni mwanagenzi amefanya hivyo kwenye ndoo, angemweka mbali na chupa kwa mwezi mzima.

Jumamosi nyingine akabadili mtindo. Mtoto akaonyesha mchoro wa nyumba. Babu alimwomba kwa ishara ausogeze karibu, kisha aupeleke dirishani kwenye mwanga. Akafumba jicho moja. Akateremsha kidole kwenye kadi, akakirudisha, akakiteremsha tena.

"Lovely," akasema.

Mtoto akaruka juu. Kwa nini isiwe "wonderful"? Mzee Tone akamwonyesha: paa la zambarau limechuruzika hadi dirishani. Wakabishana robo saa nzima, binti yake akitafsiri, mteja mmoja akisubiri gundi yake. Wiki iliyofuata mtoto alikuwa kwenye simu kabla ya saa saba, na paa jipya lisilochuruzika, akapewa "wonderful" yake, akaizungusha nyumba nzima akiimba. Mzee Tone alifurahi hata akamuuzia mtu msasa bila kumuuliza wa kazi gani.

Mchezo ukakolea. Mzee Tone alimtumia binti yake picha za kadi zote nne, hata ile ya droo, naye akamwandikia mtoto kama zile, wakazibandika kwenye friji. Na Jumamosi moja mtoto, baada ya kupimiwa viatu, begi na mchoro wa paka aliyerudi, akamgeuzia babu kibao.

"Na wewe, Babu? Hujambo yako ni ipi?"

"Fine," akajibu upesi.

"Hapana. Hujaangalia. Fumba jicho kwanza."

Mzee Tone akacheka, akafumba jicho kumridhisha. Kisha kicheko kikamwisha. Akafungua droo, akaitoa ile kadi ya chini. Kidole kikapita "sad", kikapita "unhappy", kikasimama kwenye chumba cha nne. Alikitazama kama anavyotazama mbao iliyokwisha kukauka.

"Lonely," akasema.

Nyuma ya mtoto, mama yake aliyekuwa akiosha vyombo akafunga bomba. Mtoto akaenda kwenye friji, akalitafuta neno hilo la upweke, akarudi taratibu. Katika vile vidole vyake vya Kiswahili kulikuwa na kimoja kilichofaa.

"Pole, Babu."

Akasema kesho Jumapili atapiga tena.

Na kweli, Jumapili simu ililia saa sita na nusu, Mzee Tone yuko nyumbani, kadi zote nne amezileta na kuzitandaza mezani. "Leo ni ipi?" mtoto akauliza. Babu akafumba jicho, akachukua muda wake, maana kwenye kupima hajawahi kumdanganya mtu. Akaiacha kadi ya jana. Akagusa ya buluu, kile chumba cha kwanza, hafifu kuliko vyote.

"Fine."

"Fine tu?"

"Fine tu," akasema, halafu akamalizia kwa Kiswahili. "Tunaongeza tone moja moja."

Binti yake akatafsiri. Mtoto akafikiri kidogo, akasema basi na Jumatatu atapiga.