Ubao wa Mchagoni

Nilipopanga chumba changu cha kwanza Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu kijana nisiye na mke. Kitu nilichokitaka kwa moyo wote kilikuwa kitanda chenye ubao mrefu wa mchagoni, upande wa kichwa, wa kuegemea. Utotoni kule Usevya nililala chini, kichwa kikigusa magunia ya mpunga, na niliapa kwamba nikiwa mtu mzima nitaegemea kitu changu.

Fundi seremala alinionyesha mitindo yake: kopa mbili zilizoungana, maua, njiwa. Nikamwambia nataka mninga mtupu, uliopigwa msasa mpaka mistari ya mti ionekane.

"Mwalimu, hicho ni kitanda au mlango?" akaniuliza. "Hata bibi harusi atakukimbia."

"Wa kulala ni mimi," nikamjibu.

Baba mdogo, aliyekuwa amenisindikiza, yeye alikasirika. "Kitanda cha fahari hununuliwa mke akija," alisema. "Nyie wasomi mnatutia aibu."

Nilimheshimu sana, maana ndiye aliyenisomesha. Lakini siku ile sikuinamisha kichwa. Nilimwambia fundi, mbele yake, aongeze urefu wa ubao kwa shubiri moja.

Baba mdogo aliondoka bila kuniaga, na kwa miezi kadhaa hakukanyaga kwangu. Iliniuma. Hata hivyo, kila alasiri nikitoka kazini niliegemea mninga wangu, nikasoma gazeti la wiki iliyopita, na sikujuta hata mara moja.