Hewa Isiyotii Papo Hapo

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia helikopta ikipita juu ya mtaa wetu wa Kondele. Nilikuwa msichana mwenye digrii mpya, na kushuku watu kulinijia kama kupumua. Hata leo ni vile vile, waulize wakwe zangu.

Tulikuwa tunatengeneza, kwa kompyuta, helikopta ya kufundishia marubani wa kubeba wagonjwa kutoka visiwani. Rubani wetu Auma ndiye aliyeturushia ile ya kweli ili tulinganishe. Kompyuta ilisema akivuta wenzo wa kupandishia, chombo kitapanda taratibu. Rekodi ya angani ilionyesha kinaruka juu ghafla kwanza, kisha kinatulia. Sisi vijana tukanong'onezana kwamba ana mikono mizito. Mkubwa wa mradi akaanza kutafuta wa kumrithi, na Auma alijua. Aliketi nasi bila kugusa chai yake.

"Mimi sikuvuta na nguvu," alisema. "Iliruka yenyewe."

Sikumwamini. Mhandisi wetu mkongwe, Mzee Okelo, naye hakuamini mtu, ila shaka yake aliwagawia wote sawa. Akamtuma rubani mwingine, yule tuliyemsifu sana, akajaribu. Rekodi ikaja: imeruka, ikatulia, kama ya Auma.

"Nyathina," Mzee aliniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "umeshuku mikono ya Auma. Sasa hii hesabu yako, nani ameshuku?"

Nikaifungua hesabu upya. Hesabu yetu ilidhani hewa inayopita kwenye mapanga ya helikopta hutii papo hapo. Kumbe hewa ni kama uji, mwiko ukianza kukoroga, wenyewe hauzunguki mara moja. Pembe ya mapanga ikibadilishwa ghafla, hewa huchelewa kushika kasi ya kushuka, na kwa kitambo hicho helikopta hupata nguvu ya ziada. Tulipoingiza kuchelewa huko kwenye hesabu, mstari wa kompyuta ukaruka kama wa Auma. Alibaki na kazi yake. Mimi aliniamkia kwa kichwa tu, muda mrefu.

Basi shuku, mwanangu, sikukatazi. Lakini anza na kilicho chako, maana kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujamnyang'anya mtu mkate kwa sababu hesabu imesema, iulize hesabu imesahau nini. Mungu akupe macho ya kujitazama. Na siku utakayoshukiwa wewe, akuletee Mzee Okelo wako.