Isishuke

Mpaka leo mtu akisema kitu "kimeshuka", hata ikiwa ni bei ya mahindi tu, moyo wangu unaruka.

Enjinia mmoja wa Mbarara alikuja Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kwa ajili ya ukuta wa udongo uliozuia maji ya bwawa, juu kidogo ya nyumba zetu. Alijaza mchanga na maji kwenye beseni la mama, akaweka jiwe juu, akalipiga beseni kofi ubavuni. Jiwe likazama.

"Chini ya ukuta iko mchanga kama hii," akasema kwa Kiswahili chake cha askari. "Tetemeko kubwa ikikuja, mchanga inakuwa uji. Ukuta itashuka, kama mkono mpaka kwa kiwiko, lakini maji haitapita. Hiyo si mbaya. Ama tuweke mawe mingi hapa kwa miguu yake, haitashuka kabisa. Nyinyi watu mnataka gani?"

Maskini, hakujua amesema nini. Kwetu Kivu Kusini, "wameshuka" ni neno la kukimbia: wenye bunduki wametoka mlimani, acha sufuria motoni, beba mtoto. Neno hilo ndilo lililotuleta Uganda.

"Isishuke!" mama akapiga kelele. "Isishuke hata kidogo!" Watu wote wakaitikia kama kanisani. Enjinia alisema pia kwamba mawe yatafunika makaburi yetu yaliyo chini ya ukuta. Nani alimsikia?

Malori yalipofika, mama alikimbia hadi chini ya ukuta, fasi tulipomzika baba.

"Munamwanga wapi hayo mawe?"

"Hapa, mama," dereva akajibu. "Si mlisema isishuke?"

Watu wa enjinia walikubali kumhamisha baba. Mama akakataa. "Mutu alikimbia mara mingi vile, mumukimbize tena mu kaburi? Aka!" Akaketi chini akalia. Mimi nilimkasirikia enjinia, dereva, na Mungu mwenyewe, sikuficha. Mawe yakamwagwa.

Baadaye ardhi ilitetemeka kweli, mchana, sahani zikagongana kabatini. Tulitoka mbio tukatazama juu. Ukuta ulisimama vilevile, na majirani wakaanza kuimba na kushukuru.

Mama hakuimba. Alipanda hadi kwenye lile rundo, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Haikushuka, baba ya watoto," akasema. "Pole. Hata huko bado unatubeba."