Rangi ya Pikapu Ilivyonivua Ukweni

Jamani, mwenzenu nimeaibika. Nilikuwa Kitale asubuhi, nikapaka nyuma ya pikapu yangu rangi ile nzito kama mpira, ya kuzuia mikwaruzo. Niliigusa kwa kidole, nikaona imekauka. Nikaendesha mpaka Kabuchai kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Nekesa.

Baba yake alipoisifu rangi hiyo, nilipanda nyuma nikakaa kwa madaha.

"Baba, hii haitoki hata ukiivuta na trekta!"

"Si umeiweza, bana! Haya, shuka tuombe, chakula kiko tayari."

Kumbe ndani rangi ilikuwa bado mbichi. Nikajaribu kuinuka, suruali ikagoma. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Chwaa! Mimi nikasimama, makalio ya suruali yakabaki garini, na mama mkwe akajifunika leso usoni, mabega yakimcheza kwa kicheko.